Maadili Husomwa Kwenye Daftari la Makato

SWALI

"Salamu, mwalimu. Nina karakana ya uchapishaji hapa Kisumu, si mbali na soko la Kibuye. Tunachapa mabango, stika, fulana, kadi za harusi na vitabu vya risiti. Nilianza na mashine moja na kijana mmoja, leo tuko kumi na wanne. Mwaka jana niliketi nikaandika maadili yetu manne: Uadilifu, Ubunifu, Ushirikiano na Heshima. Nikayachapa vizuri, nikayatundika pale mteja anapoingia. Niliweka na sanduku la maoni, na zawadi ya shilingi elfu moja kila mwezi kwa mwenye wazo bora. Miezi sita sasa, nimepata karatasi tatu: ya kwanza inaomba sukari iongezwe kwenye chai, ya pili inaomba mshahara uongezwe, ya tatu haina kitu. Kila Jumatatu nafanya mkutano, tena kwa Kiingereza ili wazoee kuongea na wateja wakubwa. Nikiuliza mawazo, wote wanatazama chini. Vijana wangu wana vipaji, lakini wanangoja niwaambie kila kitu. Juzi bango la kanisa limetoka jina la askofu likiwa limekosewa, na nina hakika watu watatu waliliona kabla halijafungwa. Hakuna aliyesema. (Aliyechapa nimemkata nusu ya gharama, shilingi 1,800, kama ilivyo kawaida yetu.) Nimeshauriwa niwapeleke wote Naivasha semina ya siku mbili. Itasaidia? Nifanyeje ili waipende kazi na wafikiri wenyewe?"
Mwenye karakana, Kisumu

JIBU

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka kidogo, unisamehe. Umeniuliza kwa nini watu watatu waliona jina la askofu limeharibika wakanyamaza, kisha ukanijibu wewe mwenyewe, tena ndani ya mabano, kama mtu anayetaja jambo lisilo na uzito. Umemkata kijana shilingi 1,800. "Kama ilivyo kawaida yetu."

Hiyo kawaida ndiyo maadili ya karakana yako. Yale maneno manne ni kazi nzuri ya dizaini, na sina shaka rangi zimekaa vizuri. Ila mfanyakazi hasomi ukuta. Anasoma kilichompata mwenzake siku mambo yalipoharibika, halafu anapanga maisha yake ya kazini kwa kufuata alichosoma. Wale watatu walisoma vizuri sana. Anayesema "bosi, hili jina lina kasoro" anajisogeza karibu na kosa, na kwenu aliye karibu na kosa hulipa. Aliyekuwa akihesabu stika kule pembeni, macho chini, anapokea mshahara wake mzima.

Naongea kwa uchungu kidogo kwa sababu daftari la namna hiyo nimeliandika kwa mkono wangu. Kabla sijaanza kuwashauri wenye biashara, nilikuwa msimamizi wa zamu katika karakana moja ya samani hapa Nakuru. Ubao ukiharibika naandika: jina, tarehe, kiasi. Mwisho wa mwezi karani anakata. Tukapata oda ya madawati 120 ya shule, mbao za saipresi, na aliyetoa kipimo cha miguu alikosea, pungufu ya inchi mbili. Kijana wa msumeno aligundua asubuhi ile ile, akiwa bado kwenye miguu ya dawati la kumi hivi, maana nyumbani alikuwa na mdogo wake wa umri huo na alijua goti la mtoto hufika wapi. Hakusema. Alikata mpaka jioni. Kesho yake tulipoanza kuunganisha ndipo tukajikuta na rundo la miguu ya kuku. Nilimvuta pembeni nikamuuliza kulikoni. Hakuwa na hasira wala woga. Alinieleza kama unavyomweleza mtu hesabu ya duka: "Mkubwa, ningesema saa nne, kosa lingekuwa langu. Nikinyamaza mpaka jioni, kosa ni la karakana."

Kijana yule hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa ameielewa karakana yetu kuliko mimi niliyekuwa nikishika kalamu. Tulimlipa anyamaze, naye akaifanya hiyo kazi vizuri.

Jambo hili limechunguzwa hata na wasomi. Miaka ya 1990 huko Marekani, Amy Edmondson alikuwa akifuatilia makosa ya utoaji dawa katika timu za wauguzi hospitalini. Alitarajia timu zenye maelewano na uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Hesabu zikamjia kichwa chini: timu nzuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi. Baadaye ndipo akaelewa kwamba timu zile hazikuwa zikikosea zaidi, bali zilikuwa zikisema. Kwingine makosa yalikuwepo, yamefunikwa. Kwako kilichofunikwa ni herufi ya jina la askofu. Shukuru ni herufi.

Halafu kuna sheria, ambayo wenye karakana wengi huijua siku barua ya wakili inapofika mlangoni. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, imetaja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyafanya. Mali ikiharibika au ikipotea, unaweza kukata kiasi cha haki pale mfanyakazi alipofanya kwa kusudi. Pesa zikipungua kwenye droo, unaweza kumkata aliyezembea au aliyekosa uaminifu, iwapo mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Na makato yote yakijumlishwa hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mtu aliyekuwa akichapa kwa nia njema, akapitwa na herufi moja katika faili aliloletewa na dizaina, hayumo humo. Kwa hiyo kawaida yenu inaziba midomo ya watu, na juu yake inakuweka pabaya.

Najua utakachouliza: nikiacha kukata, si wataharibu kila siku? Fanya hesabu kwanza. Chukua daftari lako, jumlisha pesa zote ulizokata miezi hii sita. Pembeni yake jumlisha gharama za kazi zilizorudiwa, na wateja waliochukua bango bovu, wakalipa kwa shingo upande, wakahamia kwa jirani. Sijaona daftari lako, lakini nimeona ya wengine kadhaa, na upande wa kwanza haujawahi kuukaribia wa pili. Pesa unayokusanya kwa kukata ni ndogo. Habari unayoikosa ndiyo ghali.

Mahali pa makato weka utaratibu, na kwa uchapishaji utaratibu si mgumu. Kabla mashine haijaguswa, picha ya kazi iende kwa mteja kwenye WhatsApp: majina, tarehe na namba za simu zikiwa zimeandikwa tena chini yake kwa maandishi makubwa, naye ajibu "sawa". Bila hiyo "sawa", kazi haichapwi hata kama mteja ni shemeji yako. Pili, anayekagua asiwe aliyeandika. Jicho la aliyeandika husoma alichokusudia, haliwezi kusoma kilichopo. Mpe mwingine asome kwa sauti, herufi kwa herufi kwenye majina ya watu. Dakika mbili. Kazi ya kanisa, ya matanga na ya harusi zisomwe na watu wawili, kwa sababu hizo hazina kesho: bango la mazishi likitoka vibaya Ijumaa jioni na gari la maiti linaondoka alfajiri, hakuna msamaha utakaolirudisha.

La tatu ndilo lenye kazi. Mpe kila mtu ruhusa ya kusimamisha kazi. Namaanisha kila mtu, hadi yule anayepiga aileti, vile vijiduara vya chuma vya kupitishia kamba, kwenye pembe za bango na yule wa boda anayepeleka. Toyota kule Japani walifunga kamba juu ya mstari wa kuunganishia magari. Mfanyakazi akiona kasoro huivuta, kiongozi wake hufika pale pale, na ikiwa tatizo halijatatuliwa mstari husimama. Wengi husimulia habari ya hiyo kamba kana kwamba siri iko kwenye kamba. Siri iko kwenye uso wa kiongozi anapofika.

Hebu nikuoneshe. Siku moja msichana wa aileti atasema, "Simamisha, jina hili naona kama si sawa." Mashine itazimwa. Mtapiga simu, mteja hatashika, mtangoja dakika ishirini, oda nyingine zinarundikana, na mwishowe mteja atasema jina ni sawa kabisa, ndivyo linavyoandikwa kwao. Msichana amekosea. Wote kumi na watatu watakutazama. Ukiguna tu, ukisema "haya, tumepoteza muda, tuendelee," kamba imekatika na hutaiunga tena mwaka huo. Ukimwambia, "Asante, kesho ukiona tena simamisha," basi siku hiyo dakika ishirini zako zimenunua kitu ambacho semina ya Naivasha haiuzi. Mtihani uko siku ile aliyesimamisha amekosea. Siku aliyopatia, kumsifu ni rahisi kwa kila mtu.

Sikuambii usamehe kila kitu. Anayeiba vinyl, ile plastiki ya stika, anaiba vinyl. Anayekuja amelewa, ama anayeruka hatua ya kusoma majina kwa makusudi mara tatu baada ya kuonywa, huyo ana kesi nyingine: mwite, mweleze kosa, msikilize akiwa na mwenzake anayemtaka, kama kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinavyotaka kabla hujamfuta. Shida ni kwamba karakana nyingi zina adhabu moja tu kwa mwizi, mzembe na aliyepitwa na herufi. Watu wakiona hivyo, wanajua humu ndani hakuna anayepima.

Sasa nije kwenye neno la kwanza ukutani, Uadilifu. Hukuligusa katika barua, labda kwenu halina shida. Lakini kazi ya kuchapa naifahamu. Anakuja mtu wa ofisi fulani, kazi yake ni ya elfu kumi na nne, anainama kwenye kaunta na kusema kwa sauti ya chini, "Niandikie ishirini." Ni mteja wa kila mwezi. Kodi ya jengo inakaribia. Msichana wa kaunta anakutazama, wewe unaitikia kwa kichwa, naye anaandika ishirini. Yameisha. Hakuna aliyeibiwa mbele ya macho yenu.

Ila vidole vilivyoandika ishirini ni vyake. Bango la Uadilifu liko juu ya kichwa chake wakati anaandika. Kuanzia hapo anajua kwamba lile neno ni la wateja wanaoingia, na kwamba wenyeji wa ndani wana lugha nyingine. Wiki ijayo droo ikipungua mia tano na wewe ukaanza kuhutubia juu ya uaminifu, atakusikiliza kwa heshima zote, kichwani akikumbuka ile elfu sita.

Kampuni ya Enron ya Marekani ilikuwa na maneno yake manne vilevile: heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora. Ilifilisika Desemba 2001 baada ya hesabu zake kugunduliwa kuwa za kughushi. Maneno hayakuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kila neno la ukutani liulize swali moja: ni lini mara ya mwisho ulinigharimu pesa? Kama hukumbuki, neno hilo bado ni pambo. Kuhusu Uadilifu, piga hesabu ya wateja wa aina ile ulio nao na wanakuletea kiasi gani kwa mwezi. Ikiwa unaweza kuwapoteza, andika sentensi ambayo msichana wa kaunta anaweza kuitumia bila kukupigia simu: "Hapa ankara huandikwa bei iliyolipwa." Awe na ruhusa ya kumkatalia mteja hata kama huyo mteja ni rafiki yako, na wewe usimgeuke. Ikiwa huwezi kuwapoteza kwa sasa, sitakuhukumu, kila mtu anajua njia ya sufuria yake. Lakini literemshe lile neno. Karakana yenye neno inalolikanyaga inadharauliwa zaidi kuliko isiyo na neno ukutani.

Na kuna wakati unaokuja ambao utapima haya yote kwa wiki chache. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Wewe unajua zaidi yangu msimu huo ulivyo kwa mwenye mashine ya mabango: oda usiku wa manane, fulana elfu mbili zinatakiwa kesho, mgombea anayelipa nusu na kupotea na nusu nyingine. Maamuzi ya msimu huo yafanye sasa, kichwa kikiwa kimetulia, na vijana wakiwemo. Malipo yote kabla ya kuchapa ama la. Wakikesha, watalipwaje na watarudi nyumbani Nyalenda na Manyatta kwa usafiri wa nani. Na bango lenye maneno ya kuchochea kabila moja dhidi ya jingine, nani ana ruhusa ya kulikataa saa saba za usiku wewe ukiwa umelala? Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, haimtaji msemaji jukwaani peke yake. Inamgusa pia anayechapisha au kusambaza maandishi ya kuchochea chuki ya kikabila, na faini yake inafika shilingi milioni moja, ama kifungo hadi miaka mitatu, ama vyote viwili. Mimi ni wa Nakuru na wewe ni wa Kisumu. Ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzo wa 2008, hatuna haja ya kukumbushana. Heshima, lile neno lako la nne, hapo ndipo litapata kazi.

Tuje kwenye sanduku. Unalalamika umepata karatasi tatu tu. Mimi naona umepata karatasi tatu na hukuijibu hata moja.

Ile ya sukari ndiyo ya thamani kuliko zote. Mtu aliyeiandika alikuwa akikupima. Hakuanza na jambo kubwa, alianza na la kijiko, aone sanduku lina masikio ama ni samani tu. Miezi sita chai bado ni ile ile. Wenzake wote wanajua aliandika nini, maana karakana ya watu kumi na wanne haina siri, na wote wamehitimisha. Kesho mtu huyo angeweza kukuambia kwamba mashine inakula wino kwa sababu haizimwi mchana, ama kwamba makombo ya vinyl yanayotupwa yanatosha stika za pikipiki. Hatakuambia. Alishauliza sukari.

Ya mshahara ni ngumu zaidi lakini nayo inajibika. "Siwezi sasa, na sababu ni hii" ni jibu. Ukiweza, waoneshe sehemu ya hesabu: vifaa vimekula kiasi hiki, stima kiasi hiki, kodi kiasi hiki. Watu wazima huvumilia "hapana" yenye maelezo kuliko kimya. Na kama mishahara yako huwa inachelewa mpaka tarehe saba, nane, anzia hapo kabla ya kitu kingine chochote nilichoandika. Mtu anayewaza mwenye nyumba atakuja lini hana kichwa cha kubuni kadi ya harusi.

Kuhusu ile elfu moja ya wazo bora, ningeiondoa. Mwaka 1971 Edward Deci, mtafiti wa saikolojia wa Marekani, aliwapa wanafunzi mchezo wa kupanga vipande vya maumbo, mchezo ambao watu huupenda wenyewe. Kundi moja likalipwa kwa kila umbo walilofaulu kupanga, kisha malipo yakakatizwa. Walipoachwa peke yao na mchezo pale, waliokuwa wamelipwa waliucheza kwa muda mfupi kuliko hapo mwanzo. Ilikuwa raha, ikageuzwa kibarua, na kibarua kisicho na malipo nani anakitaka? Kwako kuna na shida ya pili: zawadi ni moja, watu kumi na watatu. Ubunifu wa karakana mara nyingi ni wa wawili watatu wakibishana juu ya mashine, huyu anaanza, yule anasahihisha. Ukimpa mmoja elfu, wengine wamefundishwa wafiche mawazo yao hadi mwisho wa mwezi. Na lile neno lako la tatu ni Ushirikiano, dada.

Toyota niliowataja wana utaratibu wa mapendekezo ya wafanyakazi tangu 1951. Usidhani ni uvumbuzi wa kutetemesha dunia: kikubwa ni kwamba mtu anapendekeza jambo la kazi ya mikono yake mwenyewe, mahali pa kuweka zana, namna ya kupunguza kuinama, na anajibiwa. Fuata hilo. Ondoa sanduku, weka ubao mweupe karibu na mashine kubwa. Mtu akisema jambo, liandikwe pale na tarehe, na mbele yake iandikwe limefanywa, linajaribiwa, ama limekataliwa kwa sababu hii. Wazo la chini ya shilingi mia tano, mwenye wazo ajaribu mwenyewe bila kukuuliza. Hiyo ndiyo zawadi. Utaona wanavyojaribu mambo wakijua pesa zipo na ruhusa ipo.

Mkutano wa Jumatatu. Kwa Kiingereza! Nakuelewa, nia ni njema, lakini umewapa mitihani miwili kwa pamoja: leta wazo, na usikosee sarufi mbele ya wenzako. Anayeshinda hapo ni yule kijana wa chuo, na fundi wako wa mashine aliyeanza nawe siku ya kwanza, anayejua sauti ya roli ikianza kuchoka, anatazama viatu. Mkutano ufanyike kwa lugha wanayogombania wakiwa peke yao. Kwenu nadhani ni Kijaluo na Kiswahili vikichanganyika, basi viache vichanganyike, ila hakikisha yule Mluhya au Mkisii mmoja hajaachwa nje. Ufanyeni mkiwa mmesimama kando ya mashine, dakika kumi, wewe usiwe wa kwanza kuongea. Swali lisiwe "nani ana wazo?", kwa sababu hilo halijibiki Jumatatu asubuhi. Uliza, "Wiki iliyopita ni kazi gani tuliirudia?" Halafu nyamaza. Nyamaza hata kimya kikiwa kirefu mpaka kinauma. Wiki mbili za kwanza hawatasema. Anza wewe kwa kutaja kosa lako mwenyewe, la kweli, lenye bei: oda uliyoichukua kwa bei ya hasara, ama karatasi uliyonunua ya aina mbaya. Kiingereza cha wateja wakifundishwe Alhamisi, peke yake.

Naivasha waache. Si pabaya, na mkienda mtacheka, mtavuta kamba, mtapiga picha, Jumatatu mtarudi kwenye daftari lile lile. Ukiwa na pesa hizo na zinakuwasha, wakodishie boda kila mwezi wawili wawili, dizaina na mtu wa mashine, wazunguke kuona kazi zao zilivyokaa. Sijui kama kuna mtu kwenu aliyewahi kuliona bango lenu baada ya miezi mitatu ya jua la Kisumu, nyekundu imekuwa waridi, upepo wa ziwa umekwishararua pembe pale penye aileti. Fundi akisimama chini ya bango kama hilo Kondele, akamsikia mwenye duka akilisema, hatangoja umwambie pembe zinataka kukunjwa mara mbili. Atakuja akilalamika yeye. Ukianza kuona vijana wanarudi na malalamiko yao wenyewe juu ya kazi yao, ujue mambo yameanza kugeuka.

Nimekuandikia mengi, yote huwezi kuyafanya wiki moja. Chai ongeza sukari leo. Daftari la makato lifunge mwisho wa mwezi huu, na uwaambie kwa sentensi moja tu, bila hotuba, kwamba kuanzia sasa kazi ikiharibika tutakaa kutafuta ilipopitia.

Bado ile 1,800 ya kijana wa bango la kanisa. Mrudishie. Usifanye mbele ya watu, wala usimwite ofisini umweleze falsafa. Itume kwa M-Pesa saa za kazi, kisha pita pale alipo umwambie, "Nimekurudishia, nilikosea kukukata," uendelee na shughuli zako. Kabla ya chakula cha mchana wote kumi na watatu watakuwa wamejua, na si wewe utakayekuwa umewaambia.